Simama Pahali Pangu

Nechells, Birmingham
12 Februari 2006

Dada yangu Léocadie,

Bwana asifiwe sana. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mama mzee. Je, miguu yake imepata nguvu, au bado unambeba kutoka kitandani mpaka pale mlangoni penye jua? Mwambie namtaja kwenye maombi. Mimi ni mzima, ila kule kwa nyumba ya wazee Kingstanding wameniongezea zamu, na lifti ya jengo letu imekufa tena. Napanda ngazi nikipumzika kila ghorofa kama ajuza. Kwenye nyumba yako ameingia msichana wa Kisomali, Ubah, mtu mwenye adabu. Lakini kila nikisikia mlango ule unafunguliwa bado nasimama, nikidhani ni wewe unakuja kunywa chai.

Dada, siku ile uliposafiri kwenda kumuuguza mama ulinishika mikono pale uwanja wa ndege ukasema, "Mutoto nakuachia." Kwa hivyo hili siwezi kukuficha.

Leo baada ya ibada Précieuse wako alikuja kwangu. Nilikuwa napika sukuma wiki. Alikaa kwenye kile kiti cha dirishani, hakuvua koti. Nikamuuliza kama ni mgonjwa, akasema hapana. Unamjua, mimi namsemesha Kiswahili yeye ananijibu Kiingereza cha huku, kwa hivyo nakuandikia kwa maneno yetu.

"Mama Milka," akasema, "mimi na Audrey tunaandikishana Julai."

"Mnaandikisha nini? Nyumba?"

"Hapana. Sisi wenyewe. Kama watu wanavyooana."

Audrey ni yule msichana anayeishi naye, mtoto wa Wajamaika, anayepachika vito kwenye pete kule Hockley. Mimi miaka yote nimejua ni rafiki wa kusaidiana kodi. Kumbe. Tangu Desemba sheria ya Uingereza inawaruhusu. Serikali inaliita jambo hilo civil partnership, haithubutu kusema ndoa, lakini kwenye basi na kazini watu wote wanasema ndoa.

Nilizima jiko. Nikamwambia Neno la Mungu linasema nini, mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza bila kunikatiza, ulimlea vizuri. Nilipomaliza akasema, "Sikuombi ukubali. Nakuomba uje ukae tu. Mama yuko mbali, na mimi sina mtu mwingine." Nikamwambia siwezi, na asilete tena neno hilo nyumbani kwangu. Aliinuka, akaosha kikombe chake, akakipindua kando ya sinki kama kawaida yake, akatoka.

Wewe ndiye mama. Mwandikie umkemee, maana bado kuna wakati. Wewe ukisema atasikia.

Dada yako,
Milka


Nechells
23 Aprili 2006

Dada yangu Léocadie,

Salamu katika jina la Bwana. Hujambo? Mama mzee hajambo? Pasaka imepita na sijapata hata mstari kutoka kwako. Albert, yule msafiri niliyempa barua akuletee, alinipigia simu kutoka Kigali akasema alikupa mkononi. Alisema uliisoma ukiwa umesimama nje, ukaingia ndani, na hukumwambia hata angoje chai. Nikajua mambo yameharibika, maana wewe si mtu wa kumwacha mgeni bila chai.

Précieuse haji tena kanisani. Wanawake wananiuliza, nawaambia ana kazi nyingi. Pasta Cleopas aliniuliza pia, nikashindwa kumdanganya mtumishi wa Mungu, nikamwambia tumwombee.

Je, umemwandikia? Naomba unijibu. Sijui kama hasira yako iko kwake au kwangu mimi niliyekuletea habari.

Dada yako,
Milka


Bukavu
14 Mei 2006

Dada yangu Milka,

Jambo sana. Huku tuko, Mungu anasaidia. Mama muzee haamuki tena. Mimi ndiye namugeuza, namuosha, namulisha kwa kijiko. Mvua imeteremusha udongo wa mulima wetu hapa Kadutu, na jirani wawili hawana nyumba. Wewe unaendeleaje na mugongo wako? Usibebe wazee peke yako, uliza wenzako wakusaidie.

Unisamehe kwa kimya. Haikuwa hasira. Nilikosa pa kuanzia.

Niliposoma barua yako nilifanya vile ungefanya wewe. Nilienda kanisa kila asubuhi, nikaomba Mungu amubadilishe mutoto. Niliomba sana. Halafu siku moja, niko nafua shuka za mama pa uwanja, nikasikia kinywa changu kinaomba kitu kingine. Kilikuwa kinasema: Mungu, usinichukulie na huyu. Nikaacha kufua, nikakaa chini mu maji ya sabuni.

Milka, baba ya Précieuse hatukujua hata pa kumutafuta. Mutoto wangu Landry nilimuzika mu kambi kule Kigoma, tumbo lilimumaliza kwa muda mufupi, na kesho yake nikasimama mu mustari wa kupokea unga juu huyu mwingine alikuwa na njaa. Yeye tu ndiye nilibaki naye. Sasa uko unasema nimukemee. Nimukemee, anyamaze, aache kunitumia ujumbe, na mimi nimupoteze akiwa muzima, mu muji wenye kuwa na basi na simu?

Sikia vizuri. Mimi ile kitu siielewi. Biblia yangu ni ile ile yako. Huku batu bakisikia, bamoja batacheka, bengine batasema ni ugonjwa wa kizungu, na mama muzee sitamuambia. Nilifikiria nitamuchezea mutoto wangu siku ya ndoa, nitabeba kitenge kipya na jirani bote ba Nechells bataimba. Ile ndoto nimeizika na yenyewe.

Lakini kuja siwezi. Nikimuacha mama hata juma moja, nitamukuta mu udongo. Basi nakuomba kitu kimoja, dada, na sijakuomba mengi: enda. Simama pahali pangu. Usiseme kitu, usiimbe, usibariki. Ukae mu kiti chenye mama anakaa, ili mutoto akigeuka aone mutu wa kwao.

Dada yako,
Léocadie


Nechells
11 Juni 2006

Dada yangu mpendwa Léocadie,

Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu kwamba mama mzee bado yuko nawe. Pole kwa kazi ya kuuguza; naijua, maana ndiyo kazi yangu, lakini mimi nauguza wa wenzangu na narudi nyumbani nikalale. Huku ni Kombe la Dunia. Kila gari lina bendera, na vijana wa jengo letu wanapiga kelele mpaka mgonjwa hapati usingizi.

Barua yako nimeisoma nikalia. Nimekaa nayo, nimefunga kwa ajili yake, na jibu langu bado ni lile. Niombe kingine. Niombe nije Bukavu nikusaidie kumgeuza mama, nitaomba likizo nije. Lakini hili, dada, kukaa kwenye kiti kile ni kusema amina bila kufungua mdomo. Ndoa ni ya mume na mke. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo ninavyowafundisha kina mama kila Alhamisi pale kanisani kwetu Hockley. Wakinisikia nimekaa pale, nitasimama mbele yao na uso gani? Na mbele ya Mungu?

Usidhani nakataa kwa sababu simpendi. Mimi sikujaliwa mtoto. Katika nchi hii yote aliyeniita Mama ni mmoja tu. Wewe mwenyewe ulinifanya marraine wake, mama wa ubatizo, alipobatizwa, hata neno lenyewe lilinishinda kutamka mimi Mkenya, mkanicheka wote wawili.

Juzi nilimwona sokoni kwa wauza mboga. Alikuwa anachagua ndizi za kupika, anazibonyeza moja moja kama wewe, na mwenye meza amekasirika. Nilijibanza nyuma ya vibanda vya samaki asinione. Nilipotoka hayuko. Nikazunguka soko lote nikimtafuta, na sijui ningemwambia nini.

Usinichukie.

Dada yako,
Milka


Bukavu
2 Julai 2006

Milka,

Jambo. Barua yako ilifika. Mama muzee anapumua, ni ile tu naweza kusema. Hii naipatia mama mumoja wa misheni, anapanda ndege kesho.

Mimi sikukuuliza kama ni zambi. Nilikuuliza kama utaenda. Wewe ukanijibu ile yenye sikuuliza.

Tulipofika pale Nechells, mimi na mutoto, hatukujua kusema hata asante kwa Kiingereza. Heating ya kupasha nyumba moto ilikuwa imekufa na tulikuwa tumevaa nguo zetu zote. Wewe uligonga mulango na sufuria ya uji. Hukuuliza kwanza tuko batu ba namna gani.

Sitakuomba tena. Siku yenyewe, mutoto alinitumia ku simu, ni tarehe kumi na tano, kama ulisahau.

Léocadie


Nechells
16 Julai 2006

Dada yangu Léocadie,

Hujambo, dada? Mama mzee ameamkaje? Mimi sijambo mwilini. Barua yako ya mwisho haikuwa na neno "dada" popote, hata pale chini ulipotia jina. Niliigeuza nyuma nikitafuta.

Nataka nikueleze jana ilivyokuwa, na nieleze kama ilivyokuwa.

Nilikuwa na zamu. Nikamwomba Narendra, yule nesi mwenzangu, anishikie. Akaniuliza kuna nini, nikasema ni jambo la familia. Neno lilitoka lenyewe. Nikavaa gauni langu la bluu, nikapanda basi mpaka mjini, kwenye ofisi ya msajili. Nilikuwa nimejiambia sitaingia. Nitasimama ng'ambo ya barabara, nimwone akiingia, nirudi zangu.

Nilipofika nikakuta mama mmoja amesimama palepale nilipopanga kusimama. Mtu mzima, Mjamaika, kofia ya kanisani ya zambarau, mkoba ameukumbatia kifuani. Tukasalimiana. Akaniuliza namngoja nani.

"Mtoto," nikasema.

"Wangu yuko mle ndani," akasema, "na mimi siingii."

"Mimi pia siingii."

Basi tukasimama, dada, watu wazima wawili na mavazi ya Jumapili, tukitazama mlango wa serikali. Alitoa pipi ya mnanaa akanipa. Akaniambia anasali na Wapentekoste wa Handsworth, ni mwimbaji. Nikamuuliza binti yake ni nani, ingawa nilishajua. Akasema, "Audrey." Halafu akasema, "Nilimwambia akifanya hivi asiniite mama tena. Na kweli, hajaniita." Alisema bila kunitazama, macho yakiwa kule mlangoni.

Mara Précieuse akatoka. Akasimama kwenye ngazi akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Hakuwa ananitafuta mimi. Alikuwa anatazama kama mtu aliye kituoni na anajua basi limeshapita. Kisha akageuka kuingia.

Nikavuka. Gari likanipigia honi, dereva akanitukana. Nilipofika katikati nikamgeukia yule mama nikamwita kwa mkono, njoo. Akatikisa kichwa. Nikaingia peke yangu.

Ni chumba kidogo, viti vimepangwa pande mbili. Upande wa Audrey walikaa wenzake wa karakana. Upande wa Précieuse walikaa wasichana anaofanya nao kazi ya kulea watoto, na kile kiti cha mbele kabisa hakuna aliyekikalia. Nikaenda nikakikalia. Msajili aliuliza kama tuendelee, wakasema tuendelee.

Sikuimba, sikubariki, kama ulivyosema. Niliinamisha macho kwenye zulia mpaka mwisho. Walipocheka niliwasikia, walipolia niliwasikia. Précieuse alikuwa anasema maneno yake, na katikati sauti ikakatika kidogo. Nadhani hapo ndipo alipogeuka akaniona. Kisha akaendelea. Watu walipopiga makofi mimi mikono yangu ilikuwa mapajani.

Nje alinishika kiganja akasema kwa Kiswahili, "Asante, Mama." Sikubaki kula. Yule mama wa zambarau alikuwa ameshaondoka.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, nilimwendea Pasta Cleopas nikamwambia mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Alipangusa miwani. "Mama Milka," akasema, "sikufukuzi. Hapa ni kwenu. Lakini kina mama siwezi kukuachia tena uwaongoze." Nikamwambia, "Najua, Pasta." Na sikuona amekosea, dada. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Nilikaa nyuma karibu na mlango, na wawili watatu walipita bila kunipa mkono.

Ninachokiamini sijakibadilisha. Lakini nilienda.

Dada yako, kama bado ni dada yako,
Milka


Bukavu
10 Septemba 2006

Dada yangu Milka,

Jambo, jambo sana. Uko muzima? Na bale bamama ba kanisa, bameanza kukusalimia? Huku mama muzee amekuwa mwepesi kama mutoto. Jana aliniita kwa jina la dada yake mwenye alikufa zamani, nikaitika.

Wewe ni dada yangu. Usiandike tena "kama bado". Kile ulichopoteza pale Hockley najua bei yake, na sitaweza kukurudishia. Niliposoma pale penye ulivuka barabara, nilipiga kelele mpaka jirani akakuja kuuliza nani amekufa.

Lakini nimesoma barua yako mara nyingi sasa, na niko na kitu mu roho, na ninakisema. Kwa nini uliangalia zulia? Nilikutuma mahali pangu, Milka. Mama hawezi kuangalia zulia. Umenieleza kofia ya mwanamuke mwingine, rangi yake na mukoba wake, na mutoto wangu sijui alivaa nini. Sijui kama alisuka nywele ao aliziacha. Sijui kama amekonda. Ile sauti ilikatika, ilikatika pa neno gani? Na yule Audrey, alimushika mukono wakati sauti ilikatika, ao alisimama tu kama muti? Hiyo ndiyo kitu mama anaangalia. Mengine ni ya msajili.

Najua ulifanya yenye uliweza. Lakini mimi niko hapa nafunga macho na ninaona zulia.

Précieuse anatuma ujumbe mufupi ku simu ya jirani: "Mama niko sawa." Nami namujibu, "Mimi pia." Ni hivyo tu tunaongea. Namuogopa na ananiogopa.

Dada yako,
Léocadie


Nechells
22 Oktoba 2006

Dada yangu Léocadie,

Bwana asifiwe. Nakusalimu, na namsalimu mama mzee, hata kama ataniita kwa jina gani. Mimi ni mzima. Kina mama wawili wameanza kunisalimia, wengine bado.

Barua yako iliniumiza siku mbili tatu, kisha nikaona ni kweli. Jana, nilipotoka kazini, sikupanda basi la kurudi. Nilitembea mpaka kwao, maana wanakaa Kingstanding hiyo hiyo, mitaa michache tu kutoka kwa wale wazee ninaowauguza, na tangu Februari nimekuwa nikizunguka njia nyingine. Nikagonga. Précieuse alifungua, akabaki ameshika kitasa.

Nikamwambia, "Mama yako amenigombeza. Anasema sikuangalia. Nimekuja kuangalia."

Alicheka na kulia kwa pamoja. Akanitolea picha zote, akaziweka juu ya meza, na nikavaa miwani. Sasa sikia.

Alivaa gauni la rangi ya maziwa, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, mikono mifupi, halina urembo wowote. Linamkaa vizuri. Nywele alisuka, mistari myembamba ya kurudi nyuma, akazikusanya juu. Alikuwa amekonda kidogo wakati ule; sasa amerudi. Miguuni alivaa viatu vya chini kwa sababu vya juu vilimshinda asubuhi ile ile, akaviacha chini ya kitanda. Kwenye picha moja amefanana na wewe kabisa: mdomo umefungwa, kidevu juu, kama ulivyokuwa unasimama ukingoja majibu kule kwenye ofisi za wakimbizi.

Sauti ilikatika aliposema "familia yangu". Nilimuuliza, akaniambia. Audrey hakusimama kama mti. Kuna picha yake: ameshamshika kiwiko, na anamtazama kwa wasiwasi kama mtu anayeona mwenzake yuko karibu kuteleza.

Sikuangalia picha tu. Niliangalia nyumba. Ni ndogo, ni safi, inanuka vitunguu. Audrey ana vidole vya kazi, vina makovu madogo ya moto. Si msemaji. Alinitengenezea chai akaniuliza sukari ngapi kwa Kiswahili, neno amefundishwa. Simu ilipokuwa kimya alikuwa anaitazama. Précieuse akaninong'oneza kwamba kila Jumamosi Audrey anampigia mama yake. Mama anapokea, hasemi kitu, na hakati. Audrey anamweleza habari za wiki, anasema kwaheri, ndipo simu inakatwa. Jana alipiga nikiwepo. Alikaa kwenye ngazi akaongea na kimya kile muda mrefu, juu ya mvua, juu ya karakana, juu ya mwanamke wa Kenya aliyekuja kunywa chai.

Précieuse anasema amekuandikia barua nyingi na zote amezichana. Kiswahili cha kusema anacho kidogo, cha kuandika hana, na kwa Kiingereza anaona inakuwa kama ya kuomba kazi. Akaniambia nikuandikie hivi: amejaribu kupika sombe, yale majani yenu ya muhogo, na imekuwa chungu, hajui alikosea wapi.

Nimeondoka pale na roho nzito na nyepesi. Bado siliiti jambo lile ndoa, na Précieuse anajua. Ameniambia nije tena Jumamosi.

Dada yako,
Milka


Bukavu
14 Januari 2007

Dada yangu Milka,

Jambo sana, na heri ya mwaka. Mama muzee alitutoka kabla ya Noeli, mchana, nikimushika. Hakuteseka. Tumemuzika pa kando ya baba, batu ba kanisa baliimba mpaka mvua ikatufukuza. Usilie sana, nimelia ya sisi wawili.

Barua yako ya picha nilimusomea mama mu siku zake za mwisho. Nilikuwa nimesema sitamuambia. Lakini mutu mwenye kwenda, unamufichia nini? Nilimusomea gauni, nywele, viatu chini ya kitanda. Sikujua kama anasikia. Nilipofika pa mwisho akauliza, "Huyo mwenye alimushika kiwiko, ni mutoto wa nani?" Nikamwambia ni wa mwanamuke mumoja wa kanisa. Akasema, "Vizuri," akafunga macho. Sijui alielewa nini. Sitajua.

Sasa ninarudi. Nitafika mwezi wa tatu kama karatasi zitakubali. Nitalala kwako kwanza, kama bado una ile godoro. Lakini siku ya pili nitaenda Kingstanding, na wewe utanionyesha njia halafu utaniacha niingie peke yangu. Sombe, mwambie alichemusha mara moja tu na hakumwaga maji. Hapana, usimwambie. Nitamuonyesha.

Nimefikiri sana Audrey nitamuita nani. Mukwe siwezi, kinywa kinakataa, na sitaki kudanganya Mungu wala mutoto. Rafiki ya Précieuse pia ni uongo, na yeye atausikia mu sauti yangu. Nimepekua Kiswahili chote chenye niko nacho, na Kifaransa, na lugha ya mama, sijapata neno. Labda halijazaliwa bado.

Basi nitafanya hivi. Nitapiga hodi. Yeye akifungua, nitamupa mukono na nitamusalimia namna ya kwetu, vile tunasalimia mutoto mwenye kutoka nyumba ya batu, mwenye ana kwao. Nitamuuliza: Audrey, mama yako hajambo?

Dada yako,
Léocadie